Mjadala: Ubingwa wa dunia wa kriketi ya siku tano unawezekana kweli?

Mtoa mada (Dar):
Wakuu habari za jioni. Naleta hii mada kwa sababu jana kijiweni tumebishana mpaka watu wakanyanyuka kwenye viti, mmoja wetu kashikilia kwamba kriketi ya siku tano, ile testi, haiwezi kuwa na ubingwa wa dunia wa maana hata ufanyeje. Mimi nasema inawezekana na imeshawezekana, shida ipo kwenye ratiba na kwenye hela, mchezo wenyewe hauna kosa.

Kwa wasiofuatilia: testi ya kwanza ilichezwa Melbourne 1877, na miaka yote hiyo hakukuwa na fainali ya kusema huyu ndo bingwa. 1912 walijaribu Uingereza, timu tatu tu, mvua ikawanyeshea karibu msimu mzima, wakaachana nalo. Baraza la kriketi duniani, ICC, likapanga la 2013, likafutwa, la 2017 nalo likafutwa. Agosti 2019 ndo likaanza hili la sasa: timu 9, kila moja inacheza na wapinzani 6 ndani ya miaka miwili, watatu nyumbani watatu ugenini, wawili wa juu wanakutana fainali. New Zealand wakabeba 2021, Australia 2023, Afrika Kusini 2025.

Hiyo ya 2025 ndo imenifanya nisikubali kunyamaza. Uwanja wa Lord's pale London, dhidi ya Australia, siku ya tatu, Afrika Kusini wanatafuta mikimbio 282 (mikimbio ndo pointi za kriketi) ili washinde, na ngwe ya kwanza, yaani zamu yao ya kwanza ya kupiga, walitolewa wote kwa 138. Temba Bavuma, kapteni, kijana wa Langa pale Cape Town, msuli wa nyuma ya paja ukamkaza akiwa hata hajafikisha mikimbio kumi. Nilikuwa naangalia kwenye simu dukani kwa mjomba, wateja wanaita mi sisikii. Unamuona anapiga mpira, anaanza kukimbia, mguu mmoja anauburuta, anafika upande wa pili anainama ameshika paja, halafu anarudi tena kwenye nafasi yake, Cummins, mrushaji na kapteni wa Australia, anamjia kasi. Wamekaa na mpigaji mwenzake Markram hivyo hivyo mpaka jua linazama, Markram 102, Bavuma 65, kesho yake kikabaki kipande kidogo wakamaliza. Kombe lao la kwanza la ICC tangu 1998! Sasa niambie, T20, ile kriketi fupi ya masaa matatu, inakupa wapi kitu kama kile, mtu kuchechemea jioni, kwenda kulala na maumivu, na asubuhi kurudi tena?

Mchangiaji (Nairobi):
Mkuu, hiyo fainali hata mimi niliiangalia na sitakataa ilikuwa tamu. Lakini swali ni ubingwa, si utamu. Angalia njia waliyopita kufika pale. Kwenye ule mzunguko wa 2023 hadi 2025 walicheza mechi 12 peke yake, England wakacheza 22. Hawakukutana na England hata mara moja, na Australia wamekutana nao fainali tu. Halafu Februari 2024 wakapeleka New Zealand kikosi ambacho kapteni mwenyewe, Neil Brand, hakuwa amecheza testi hata moja, kwa sababu wachezaji wakubwa walibaki nyumbani kucheza ligi ya T20. Wakapigwa mbili bila. Timu inapeleka kikosi cha pili kwa mashindano ya dunia na bado inachukua kombe, huo ni ubingwa wa aina gani jameni?

Mtoa mada:
Kaka, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mechi 12 walizopewa ndo hizo, wameshinda 8, wakapoteza 3, sare 1. Hawakuzipanga wao, bodi zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe nani atacheza na nani na mechi ngapi.

Ila hapo kwenye idadi nakubaliana na wewe kabisa na ndo kinachoniuma. Chukua ligi yetu hapa, timu 16, kila mtu anacheza mechi 30, nyumbani na ugenini. Halafu siku moja uambiwe Simba atacheza 22, Namungo 12, na Simba na Yanga hawatakutana kwa sababu wakubwa hawaelewani, utaiita ligi? Ndo hivi ilivyo kule. India na Pakistani hawajacheza testi tangu Desemba 2007, wote wamo kwenye mashindano na hawapangiwi kukutana, na watu wanaona kawaida. England, Australia na India wanachezeana mechi tano tano kwa sababu zinauzika, wengine wakikutana ni mechi mbili, ukianza kunogewa imeisha. Ndo maana wakaamua kupanga msimamo kwa asilimia ya pointi, yaani ulizopata kati ya zile ulizoweza kupata, lakini asilimia haikuambii mpinzani alikuwa nani.

Mchangiaji (Arusha):
Kaka zangu naomba niingie. Mi naona dawa ni madaraja mawili, wakubwa wacheze wenyewe, wadogo wacheze wenyewe, anayefanya vizuri anapanda. Mpira upo hivyo dunia nzima. Testi ni ghali, unalipia uwanja, hoteli, kamera siku tano, na viti vitupu. Zimbabwe, Ayalandi na Afghanistani wana hadhi ya testi, yaani ruhusa ya ICC kucheza testi rasmi, na hawamo hata kwenye hizo timu 9, sasa si bora wapate daraja lao?

Mtoa mada:
Dada yangu, nakuelewa, na kama hela ingekuwa inagawanywa sawa ningekuunga mkono leo hii. Ila ripoti za 2023 zilionesha kwenye mgao wa ICC India peke yake inachukua karibu asilimia 38, Zimbabwe haifiki hata 3. Ukimshusha mtu wa asilimia 3 ukamnyima na mechi za India na England ambazo ndo zinamlipa kupitia tv, atapanda kwa kutumia nini? Zimbabwe walipoenda Nottingham Mei 2025 ilikuwa imepita miaka 22 hawajacheza testi na England! Wakapewa mechi moja ya siku nne.

Na ndugu yangu wa Nairobi hili analijua kuliko mimi. Kenya walifika nusu fainali ya kombe la dunia la kriketi ya siku moja 2003, wakaomba hadhi ya testi hawakupewa. Kulikuwa na mashindano ya siku nne ya nchi zisizo na testi, Kenya wakafika fainali 2005 kule Windhoek wakafungwa na Ayalandi. Ayalandi na Afghanistani walipandia hapo hapo, wakapata hadhi 2017, na mwaka huo huo mashindano yakasimama. Ngazi ikavutwa juu. Leo kijana wa Nairobi au Kampala mwenye subira ya kupiga siku nzima anaipeleka wapi?

Mi nasema hivi: timu 12 zote ziingie, kukutana kusiwe chini ya mechi tatu, anayesafiri alipiwe kutoka kwenye kapu la pamoja, na chini yao yarudi yale mashindano ya siku nne. Na fainali izunguke. Zote tatu zimechezwa Uingereza, na 2027, 2029, 2031 wamepewa tena wao. Bingwa ni Afrika Kusini, basi fainali moja ipelekwe Cape Town.

Mchangiaji (Nairobi):
Fainali huwa Juni, na Juni Cape Town ni mvua na baridi, mkuu. Mtacheza kwenye matope.

Mtoa mada:
Basi Durban, kaka. Juni Durban ni kukavu, jua lipo. Na uwanja wao wa Kingsmead wanaijua testi ndefu kuliko mtu yeyote, 1939 Afrika Kusini na England walicheza pale kuanzia tarehe 3 mpaka 14 Machi, mechi isiyo na kikomo cha siku, England wakabakiza mikimbio 42 tu na wiketi tano mkononi, yaani wapigaji watano walikuwa bado hawajatolewa kabla ngwe haijaisha, ikabidi waache kwa sababu meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inaondoka. Nusu fainali yenu ya 2003 si ilikuwa uwanja huo huo? Nani anapinga Durban, na aniambie kwa nini.