Final Fantasy X: nimekwama Gagazet, na wenzangu wanasema gemu la zamu si gemu

Mvuvi_wa_Katonga

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kigoma, Katonga, mwisho wa reli. Kazi yangu ni dagaa. Kwa wasiojua, sisi tunavua wakati wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo kila mwezi tunakaa nchi kavu wiki moja hivi, tunashona nyavu. Wiki hiyo ndiyo yangu ya gemu, usiku, sebuleni kwa bibi.

Gemu lenyewe ni Final Fantasy X, la PS2, lililotoka Japani mwaka 2001. Nililianza 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Nilinunua PS2 iliyotumika pale Mwanga, nikapewa memori kadi moja na diski tano. Nne za mpira, ya tano ndiyo hii. Siku ya kwanza nilibonyeza vitufe kama naua nyoka, kisha nikagundua adui amesimama tu, ananisubiri niamue. Sikuwahi kuona kitu kama hicho.

Niwaeleze kwa nini kilinishika. Pale mwaloni tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Kuna mzee ana tabia ya kukupa kete. Sheria inakulazimisha ule, unakula, halafu unashtuka amejifungulia njia anakula tatu zako mfululizo. FFX naiona hivyo hivyo. Upande wa kulia wa skrini kuna sura ndogo zimejipanga: nani anapiga sasa, nani anafuata, adui yuko wa ngapi. Ukiwa bado unachagua, kabla hujathibitisha, mstari unajipanga upya mbele ya macho yako. Pigo zito linaishusha sura yako chini. Haste, uchawi wa kuharakisha wa Tidus, mmoja wa watu wangu, inaipandisha. Kuna usiku nilikaa na pedi mapajani nikihesabu zile sura kwa kidole kwenye kioo cha TV, nikaona nikimtoa Auron nikamwingiza Wakka sipotezi zamu, anayeingia anapiga hapo hapo. Nikavuka vita ambayo mchana wake ilikuwa imenishinda. Nilifurahi kuliko goli lolote nililowahi kufunga kwenye gemu la mpira.

Halafu kuna hadithi. Kile kijiji cha Kilika, lile zimwi kubwa Sin linapokipiga na mawimbi, watu wanakufa, jioni Yuna, binti ambaye kikosi changu kinamsindikiza, anavua viatu anatembea juu ya maji. Maiti ziko chini yake ndani ya maji, zimefungwa pamoja na maua. Anacheza na fimbo yake, moto wa mienge unageuka wa bluu, roho zinapanda kama vimulimuli. Bibi alikuwa anachambua mchele, akaacha. Akauliza, "Huyo binti anafanya nini?" Nikamwambia anawasindikiza waliokufa majini, wasipofanyiwa hivyo wanageuka mazimwi. Bibi hakusema kitu, akausogeza ungo pembeni akaangalia mpaka mwisho. Familia yetu ina watu ambao ziwa halikuwarudisha. Tangu siku hiyo kila nikirudi nchi kavu ananiuliza, "Yule binti amefika wapi?" Mimi nimeshajua mwisho wa safari ya Yuna anatakiwa afe. Bibi sijamwambia.

Sasa nimekwama mlima Gagazet, kwa bosi Seymour, yule wa kule juu. Ananichoma mkuki, mtu wangu anakuwa Zombie, yaani tiba inamuumiza badala ya kumponya. Halafu lile dude lililoko nyuma yake linamrushia Full-Life, uchawi wa kufufua, na mtu wangu anakufa kwa dawa. Nimeshapigwa mara nne. Ya nne nilikuwa nimemtoa damu nyingi sana, umeme ukakatika mtaa mzima.

Naomba msaada wa kumpita. Na pia nataka maoni ya waliocheza kweli: mnaliheshimu gemu la zamu, au mnakubaliana na vijana wa hapa wanaosema ni kupanga foleni ya kupigwa?

Don_Gemu_Kgm

Kaka, mimi ni mmoja wa hao vijana, na nina kibanda cha gemu hapa hapa mjini, kwa hiyo nakujibu kama ninavyoona kazini kwangu.

Nililicheza FFX mpaka kwenye ule msitu wa Macalania nikaacha. Picha nzuri, muziki mzuri, sibishi. Kilichonitoa ni vita vya kushtukiza. Unatembea njiani, hujaona mtu, skrini inapasuka, unapigana. Unamaliza, hatua chache, inapasuka tena. Kingine ni zile hadithi ndefu ambazo huwezi kuziruka. Ukishindwa na bosi unarudishwa pale ulipohifadhi gemu mara ya mwisho, na unasikiliza maneno yale yale kuanzia mwanzo. Hiyo kwangu ni kutoheshimu muda wa mchezaji.

Kuna na la biashara. Kijana akija na shilingi mia tano anataka mechi moja, ashangilie, atoke. Gemu la saa arobaini utalichezea wapi kibandani? Nani atasubiri nyuma yako? Hata Square Enix wenyewe nadhani waliliona, ndiyo maana Final Fantasy XVI ya 2023 unapigana moja kwa moja, hakuna zamu. Kumpiga mtu kisha unarudi nyuma unasubiri akupige, damu yangu haichemki.

Lakini hiyo ya bibi imenigusa, nakiri.

Mwalimu_wa_Hesabu_TBR

Mdogo wangu wa Katonga, salamu kutoka Tabora. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimelimaliza gemu hili mara mbili, na huyo Seymour alininyima usingizi mwaka mzima wa kwanza wa kazi yangu. Chukua kalamu.

Uhai wake ni 70,000. Watu wengi wanakosea kumpiga kwa nguvu mwanzo mwisho, na wewe naona umefanya hivyo. Mwangalie anavyoshikwa na sumu. Mwache Lulu, mchawi wako, atumie Bio, uchawi wa sumu, kama ameshafika huko kwenye ubao wake wa kujifunza uwezo mpya. Sumu inamla 1,400 kila zamu yake. Piga hesabu: sumu peke yake ingehitaji zamu hamsini, kwa hiyo haitamaliza kazi, ila zamu kumi tu ni 14,000 ambazo hukuzitolea jasho. Umeshampunguzia moja ya tano huku wewe unajitibu.

Mkuki. Akimchoma mtu wako, usiangalie nani ameumia, angalia ule mstari wa sura ulioueleza vizuri mwenyewe. Kati ya Seymour na lile dude lake, kuna sura yako? Kama ipo, zamu hiyo ni ya Holy Water, dawa ya kuondoa Zombie, hakuna kingine. Usipige, usitibu kwa Cure, maana tiba yoyote kwa Zombie ni sumu. Kama haipo, ndipo Haste inapolipa: watu wako wakiwa wepesi, nafasi hiyo inapatikana mara nyingi zaidi. Shuka ununue Holy Water za kutosha kabla hujarudi. Mimi nilikuwa nazo mbili tu, ndiyo maana niliteseka.

Kuna lile pigo la Total Annihilation. Lile dude linatangaza kwamba linajiandaa, maandishi yanatokea. Ukiyaona acha kila kitu, jaza uhai wa wote watatu.

Na hapa ndipo mzee wako wa drafti anaingia. Seymour huwafukuza aeon, wale viumbe wakubwa anaowaita Yuna, vitani, kila mmoja anapata nafasi ndogo sana. Basi usiwaite wakae. Panda nao mlima wakiwa wamejaza Overdrive, kila mmoja unamwita, anatoa pigo lake kubwa, anafukuzwa, unamwita mwingine baadaye. Ile zamu Seymour anayotumia kumfukuza hakukupiga wewe. Umempa kete, umekula tatu.

Don, ndugu yangu, hoja yako ya hadithi zisizorukwa nakubaliana nayo kabisa, ni kasoro. Hoja ya damu kuchemka siikubali. Mimi darasani nina wanafunzi sitini na zaidi, siku nzima kila kitu kinataka jibu sasa hivi. Nikifika nyumbani nahitaji kitu kinachoniambia fikiri kwanza, nakusubiri. Wakati nikiangalia ule mstari wa sura, moyo unanidunda kama wa mtu anayepiga penalti.

Behewa_la_Tatu

Naongezea dogo tu. Anayesema zamu zimepitwa na wakati akaangalie Clair Obscur: Expedition 33, imetoka 2025, na waliotengeneza ni Wafaransa, si Wajapani. Ni zamu kwa zamu, ila adui akipiga unaweza kukwepa kwa kubonyeza wakati sahihi. Don, hiyo ingekufaa wewe. Kwangu mimi FFX bado iko juu, kwa sababu hiyo ya kukwepa inarudisha vidole mbele ya akili.

Mvuvi_wa_Katonga

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimerudi kuleta majibu.

Nilishuka, nikanunua Holy Water kumi na tano. Nikapigana na vijizimwi vya njiani jioni mbili mpaka aeon watatu wakajaza. Lulu hakuwa na Bio, ilikuwa mbele yake hatua chache kwenye ubao, nikamsogeza mpaka akaipata. Hapo Don anasema kweli, vita vya njiani vinachosha, lakini safari hii kila kimoja nilikihitaji.

Usiku wa juzi nikaingia. Sumu ilishika mara ya kwanza. Mkuki wa kwanza ulimpata Yuna. Nikaangalia mstari: Seymour, Tidus, lile dude. Tidus katikati. Wakuu, nilipiga kelele mdogo wangu akaamka. Holy Water, Full-Life ikaja, Yuna hakufa. Uchawi wa adui haukumuua! Kuanzia hapo nilijua anapita. Ilichukua kama dakika ishirini na tano. Bahamut, mmoja wa aeon, ndiye aliyemaliza.

Don kaka, kuhusu foleni ya kupigwa: mimi ziwani mawimbi hayanipi zamu. Upepo ukibadilika usiku una sekunde za kuvuta nyavu au kuziacha, na ukikosea hakuna pa kurudi. Ndiyo maana nathamini sana kitu kinachonipa nafasi ya kufikiri mpaka nikaridhika. Siyo uvivu wa vidole.

Mwalimu_wa_Hesabu_TBR

Hongera sana mdogo wangu, nimesoma huku nacheka peke yangu ofisini. Jambo moja usahau kula lakini usilisahau: mbele kidogo kuna bosi ana maumbo matatu. Zombie hiyo hiyo iliyokuua kwa Seymour, kwake inakuja kuwa ngao. Akigeuka umbo la tatu, wasiokuwa Zombie wanakufa papo hapo. Usiwatibu wote. Na kabla yake kuna maneno marefu sana, kwa hiyo cheza usiku ambao umeme umetulia. Kuhusu Yuna sisemi kitu, wala wewe Behewa usiseme.

Mvuvi_wa_Katonga

Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: USIWATIBU WOTE. Daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na memori kadi, viko kabatini kwa bibi, maana nikirudi baada ya wiki tatu huwa nimesahau nilikuwa nafanya nini.

Asubuhi bibi kaniuliza tena. Nimemwambia yule binti ameshavuka mlima, sasa anaingia mji wa zamani uliobomoka. Akauliza, "Ana watu wa kumsindikiza?" Nikasema anao sita. Akasema vizuri.

Giza limeanza, leo jioni tunatoka.