Ghorofa linajengwa ubavuni mwa fremu yangu hapa mjini Kigoma. Vumbi, tope na sasa ufa. Nianzie wapi?

Cherehani_MwishoWaReli

Mwakeye ndugu zangu, na wa Ujiji asalaam alaykum.

Mimi ni fundi nguo, mama wa watoto watatu. Nimepanga fremu kwenye mteremko wa Lumumba kuelekea stesheni, huu mwaka wa 9. Kiwanja cha jirani palikuwa na nyumba ya zamani, imebomolewa, linapanda ghorofa. Silipingi. Nimezaliwa mji huu, nafurahi ukijengwa, na watakaopanga juu watavaa nguo kama watu wengine. Shida yangu ni namna ya kuishi mpaka liishe.

Saruji inapakuliwa mlangoni kwangu, na mifuko mitupu inakung'utwa hapo hapo. Mchana upepo wa ziwani ukianza, lote linaingia ndani. Juzi nilikuwa na sare za sendofu, kitenge cha rangi ya maziwa. Nikanyunyiza maji nipige pasi, kumbe saruji imeshatua juu ya kitambaa. Yakaganda madoa ya kijivu, hayatoki kwa sabuni wala kwa limau. Nimenunua pisi nyingine kwa fedha yangu, na bibi harusi nilimshonea usiku kucha.

Kokoto na mchanga wamevimwaga juu ya mtaro. Mvua iliponyesha, maji yanayoshuka kutoka Mwanga yakakosa njia, yakapita kwangu. Tope jekundu lilifika kwenye kanyagio la cherehani. Vibarua nao hawana choo, wanazunguka nyuma ya fremu zetu, na huko nyuma ndiko ninakopikia chakula cha mchana.

Hayo yote nilikuwa nayavumilia. Kinachoninyima usingizi ni ufa. Umeanzia kona ya dirisha upande wa kwao, unashuka kwa mshazari, na sarafu inaingia. Ulianza baada ya wao kuchimba msingi.

Foromani ananijibu kwa heshima, "Mama vumilia." Mwenye nyumba wangu ni mzee, anasema ninyamaze, wasije wakadhani yeye ndiye amenituma. Na mama mzazi wa mwenye ghorofa ni mtu wangu, tumezikiana. Sitaki kesi, wala sitaki tununiane misibani. Lakini nikinyamaza, biashara inakufa nikiitazama. Nishaurini.

Fundi_Gungu

Pole sana dada. Mimi ni mwashi, nina zaidi ya miaka 20 kwenye kazi hii. Vumbi na tope weka kando kidogo, tuanze na ufa.

Nyumba nyingi za zamani za mjini msingi wake ni mfupi. Jirani akichimba chini kuliko msingi wako, udongo uliokuwa umebeba ukuta wako unakosa pa kuegemea, unasogea kuelekea shimoni. Ndiyo maana upande unaopakana na jirani huchimbwa vipande vipande: unachimba kipande, unakijenga, ndipo unahamia kingine, na shimo unalikingia kwa mbao na mihimili. Ukilifungua lote kwa mpigo halafu mvua ikalikuta wazi, ukuta wa jirani lazima uzungumze. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha mara nyingi ni dalili ya msingi kushuka upande mmoja. Ule mwembamba kama unywele ulio kwenye plasta tu, huo usikutishe. Wako unaingiza sarafu, huo ni wa kuitiwa mhandisi.

Leo hii chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe ukutani. Piga picha ukiwa umeshika rula. Halafu tafuta kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa saruji juu ya ufa, upande huu na ule. Ukuta ukiendelea kusogea, kioo kitapasuka, na hapo hakuna atakayekwambia ni ufa wa zamani. Kikipasuka, hamisha cherehani siku hiyo hiyo na usilale humo.

Sikutishi dada yangu. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lilianguka likaua watu 36. Tangu siku ile sikubali kuambiwa "vumilia" kwenye jambo la msingi.

Kijana_Katubuka

Mama, fremu zipo hata Mwanga na Gungu. Hama. Ujenzi ni kelele na vumbi dunia nzima, hutaweza kushindana na mwenye fedha.

Cherehani_MwishoWaReli

Mwanangu, miaka 9 wateja wanakuja hapa wamefumba macho. Na kodi nimeshalipa ya miezi sita. Nikihama, choo chao kitamhangaisha mama lishe wa fremu inayofuata.

Karani_Mstaafu

Dada, tenganisha madai. Ukuta ni mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo dai la ufa ni lake hata kama anaogopa. Mwandikie barua umjulishe, ubaki na nakala. Kesho ukuta ukianguka asije akasema hukumwambia. Vitambaa, maji kuingia ndani na adha ya kila siku, hayo ni madai yako wewe.

Soma kibao cha mradi pale mbele. Kinatakiwa kuonyesha mwenye mradi, mkandarasi, mbunifu na mhandisi mshauri. Kipige picha. Kama hakipo, hilo nalo ni la kuuliza. Kisha anza na mwenyekiti wa mtaa, akuandikie barua ya kwenda kwa mtendaji wa kata. Ikishindikana nenda Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kwa mhandisi na mipango miji, maana wao ndio wanaotoa kibali cha ujenzi na wanaweza kusimamisha kazi. Choo na vumbi vina afisa afya na afisa mazingira. Barabara yenyewe ikiwa ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wao ndio wenye mtaro, waambie umezibwa. Kelele na mitetemo ina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, chombo cha taifa cha mazingira (NEMC) ndicho husika. Ila usikimbilie juu kabla ya mtaa, watakurudisha.

Kila ofisi peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri urudi nayo. Malalamiko ya mdomo mimi nimeyaona yakipotea miaka yote niliyokaa ofisini.

MamaMawese_Kibirizi

Usiende peke yako, shoga yangu. Sisi walipotujengea ubavuni mwa genge tulikwenda wanawake sita, kila mmoja na shida yake. Mtu mmoja huitwa mkorofi, sita husikilizwa. Huyo mama lishe wa jirani naye nguo zake zinanuka saruji, mchukue.

Fundi_Gungu

Naongeza jambo kwa haki ya mafundi wenzangu. Siku ya kumwaga slabu msiwaombe wasimame. Zege likishaanza kumwagwa linatakiwa liende mfululizo, likikatishwa ovyo linaacha kiungo dhaifu, na hiyo ni hatari ya baadaye kwenu wenyewe. Waombeni wawaambie siku moja kabla. Yafuatayo hayana kisingizio: kokoto zitoke mtaroni, uzio wa mabati uwepo, nyavu au turubai upande wa fremu, ardhi imwagiwe maji asubuhi na mchana, saruji ishushwe upande wa pili, na choo cha vibarua. Ukilinganisha na nondo za ghorofa moja, gharama yake ni ndogo mno.

Mzee_Ujiji

Binti yangu, barua andika, lakini isimfikie yule kijana mwenye ghorofa kabla hujaketi na mama yake. Nenda alasiri, bila hasira, mpeleke mpaka kwenye fremu auone ufa kwa macho yake. Si kumwomba akutetee. Ni ili asije akasikia kwa watu kwamba umemshitaki mwanawe kimya kimya. Baada ya hapo hata ukifika Manispaa, misibani mtasalimiana.

Cherehani_MwishoWaReli (siku nane baadaye)

Nimerudi, Mungu awabariki.

Nilimpeleka mama. Aliuona ufa, akaugusa, akakaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu bila neno. Jioni mwanawe alikuja mwenyewe. Kokoto zimetoka mtaroni, turubai limefungwa, choo kinachimbwa. Suala la kitambaa bado tunalizungumza, ameahidi kulipa nusu, mimi nataka yote. Barua nimepeleka mtaa, tulikuwa watano, nakala ina muhuri. Mwenye nyumba alikasirika siku mbili, ya tatu akaja kuangalia ukuta. Mhandisi wa manispaa tumeahidiwa Jumatano.

Kesho wanamwaga slabu, wamenijulisha leo. Nimefunika vitambaa, nashonea nyumbani. Kioo nilibandika siku ile ile, mpaka jioni hii ni kizima.

Fundi_Gungu

Vizuri dada. Kitazame tena baada ya mvua kubwa, na mhandisi akija mwonyeshe zile tarehe za penseli kabla hajaanza kuzungumza na foromani.