Chuo cha Kiingereza hapa Moshi kinavyowapotosha vijana wa mlimani kuhusu neno "desperately"

Ndugu wanajamvi,

Nimekasirika, na naomba mnisome hadi mwisho. Mimi ni mwongoza watalii katika Mlima Kilimanjaro, na kila msimu unapokaribia hupokea barua za vijana wanaoomba kazi ya upagazi. Safari hii barua kadhaa, zote za waliosoma kozi ya jioni katika chuo kimoja hapa mjini, zina sentensi ileile: "Please reply desperately." Nilipowahoji, walinionyesha karatasi ya fotokopi waliyouziwa darasani, inayosema kwamba neno hilo ni "haraka sana", basi, bila mfano hata mmoja.

Huu ni uzembe usiovumilika. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukata tamaa, ndiyo maana halipimi kasi ya jambo bali hali ya mtu aliyebanwa hata haoni njia nyingine. Mwalimu makini angewaonyesha kwamba uzito huo tunao wenyewe: anayetafuta "desperately" anatafuta kwa udi na uvumba, wanaopigana hivyo wanapigana kufa na kupona, aliye "desperately ill" yu mahututi, na aliye "desperately poor" ni fukara wa kutupwa. Angewaeleza pia kwamba aghalabu huandamana na vitenzi vya kuhitaji, kutaka na kujaribu, na kwamba udharura mtupu una neno lake, "urgently".

Msiniambie ni kosa dogo. Mwajiri ataiweka barua kando, na kijana atakosa kazi asijue sababu. Mlimani ni hatari zaidi: mgeni akianza kupepesuka na kuchanganyikiwa juu ya kambi ya Barafu, huenda ubongo umeanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, na tiba ni kumteremsha mara moja na kumpa oksijeni ikiwapo. Anayeita msaada kwa redio aseme "urgently", aeleweke. Akisema mbele ya mgonjwa kwamba wanashuka "desperately", mgonjwa ataelewa kuwa hata wanaomwongoza wamekwisha kukata tamaa.

Ada ya kozi hiyo wazazi wameilipa kwa kuuza ndizi na kahawa. Nautaka uongozi wa chuo uiondoe karatasi hiyo, uwaite wote waliouziwa, na uwafundishe upya bila malipo kabla ya msimu wa Juni. Wenye vijana waliopita hapo, jitokezeni twende pamoja ofisini kwao.