Skrubu ya gololi au T8 kwa CNC ya kujitengenezea?

ChumaMkavu: Wakuu habari zenu. Najenga CNC mwenyewe, ile mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, fremu tayari, sasa nimebakiza skrubu za kusogeza mihimili. Niko kati ya T8 ya trapezo (nyuzi zinasuguana na nati moja kwa moja, kipenyo mm 8), ile inayosogeza mm 8 kwa mzunguko, na SFU1605 ya gololi (nati inabebwa na gololi ndogo, kipenyo mm 16, mm 5 kwa mzunguko). Wiki hii naagiza, nichukue ipi?

FundiShafti: Ndugu yangu hujasema unakata nini, mhimili mrefu ni wa kiasi gani, mota ipi. Tutakushauri vipi?

Toroli77: 1605 tu mkuu! Ufanisi wake unafika 90%, wakati trapezo ya uzi mmoja zaidi ya nusu ya nguvu inaliwa na msuguano.

ChumaMkavu: Samahani wakuu. Plaiwudi, baadaye alumini kidogo. X mm 1200, Y 800, Z (juu na chini) 150. Mota ya stepu, inayozunguka kwa hatua ndogondogo, saizi NEMA 23.

FundiShafti: Mm 1200 T8 isahau. Skrubu nyembamba ikizungushwa kasi inapiga katikati kama kamba ya kuruka, na kikomo cha mizunguko kinashuka kwa mraba wa urefu, yani ukizidisha urefu mara mbili kinabaki robo. Alafu ncha moja ibane kwa beringi zinazohimili msukumo wa pande zote mbili, nyingine iache ielee, skrubu ikipata joto inarefuka, ukiibana kote inapinda.

NyuziKali: Msimdanganye na gololi. Mi niliagiza 1605 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ikaja imepinda, nati inakuwa nzito kila mzunguko, kaplingi ikawa inalia, nikikata duara linatoka duaradufu, kuweka geji ya mshale nati inacheza sehemu ya kumi ya milimita nzima, kumlalamikia ananiambia ndo C7 hiyo zote ziko hivyo, hela hakurudisha na mizigo ya kurudisha ni juu yangu. Nikaweka trapezo yenye nati mbili na springi katikati, mpaka leo haichezi.

Toroli77: Huyo alikudanganya kaka. C7 ni daraja la usahihi wa hatua ya uzi, kosa la mm 0.05 kwa kila mm 300, nati kucheza ni habari nyingine kabisa.

NyuziKali: Sawa, ila mteja anayeanza atajuaje?

Pinyoni: X ya urefu huo weka reki na pinyoni (upau wa meno na gia ndogo) muachane na skrubu kabisa.

FundiShafti: Reki bila giaboksi hapana, mota itakosa nguvu na kila stepu itakuwa ndefu. 1605 na mota ya stepu 200 unapata mm 0.025 kwa stepu.

Toroli77: Basi 1610, ya mm 10 kwa mzunguko, kasi inaongezeka mara mbili kwa mizunguko ileile.

ZimaMoto: Na Z je? Gololi haijishiki, umeme ukikatika spindo (mota inayozungusha kisu) inashuka yenyewe mpaka kwenye kazi. Hata T8 ya mm 8 inaweza kuteleza. Z weka T8 ya mm 2 kwa mzunguko.

ChumaMkavu: Z nimeelewa, mm 2. X bado sijaamua, reki nayo imenivutia.

NyuziKali: Fremu yenyewe ni ya nini? Kama ni mbao, tuanzie hapo kwanza. Weka picha.