Mjadala: Ni kweli watu wa zamani walikabili magonjwa ya mlipuko kwa utulivu kuliko sisi?

Mtoa mada

Tangu Uviko-19 upite kuna kauli naisikia kila mahali, na kila nikiisikia roho inaniuma. Wanasema zamani ugonjwa ukiingia watu walitulia, wakamsikiliza tabibu, wakafuata amri. Sisi wa leo tumeharibiwa na simu, kila mtu bingwa, kila mtu ana video ya kuthibitisha kwamba chanjo ni sumu. Naipinga kauli hiyo. Anayeitetea aje na ushahidi, nami naweka wangu.

Nianze na hiyo sumu. Mwaka 430 kabla ya Kristo maradhi ya kutisha yaliingia Athens kupitia bandari ya Piraeus, na watu wa bandarini wakasema maadui zao wametia sumu kwenye matangi ya maji. Aliyeyaandika hayo ni mwanahistoria Thucydides, ambaye mwenyewe aliugua akapona. Karibu miaka 1,800 baadaye tauni ikapiga Ulaya, na safari hii waliosingiziwa kutia sumu visimani ni Wayahudi. Papa Clement VI alitoa tamko mwaka 1348 akieleza jambo lililo wazi: Wayahudi nao wanakufa, na ugonjwa umefika hata kule ambako hawaishi. Hakusikilizwa. Februari 1349 mamia ya Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto, wakati tauni yenyewe ilikuwa haijafika mjini humo. Mwaka 1832 kipindupindu kilipoingia Paris, watu waliuawa mitaani kwa kushukiwa tu kubeba sumu. Aprili 2020 ikawa zamu ya minara ya simu kuchomwa moto Uingereza. Simu zetu zilikuwa wapi Athens?

Lakini kusema kwamba watu ni walewale hakutoshi. Swali ni kwa nini uvumi fulani hushika na mwingine hufa, na hapo naomba tutulie kidogo Liverpool.

Kati ya Mei na Juni 1832 umati ulikuwa ukiwafuata madaktari wa kipindupindu Liverpool, ukiwazomea na kuwarushia mawe, ukipiga kelele kwamba wanawapeleka wagonjwa hospitali ili wawaue na kuwapasua. Ukiisoma habari hiyo peke yake utasema hawa ni wajinga. Sasa isome pamoja na yaliyotangulia. Mwaka 1828 ilijulikana kwamba Burke na Hare, huko Edinburgh, walikuwa wameua watu 16 na kuuza maiti zao kwa mwalimu wa udaktari. Liverpool yenyewe, mwaka 1826, yalikamatwa mapipa bandarini yakiwa na maiti zilizofukuliwa makaburini, tayari kusafirishwa kwenda Scotland. Maskini wa mji ule alikuwa anajua kabisa kwamba mwili wake una bei. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kuhusu kipindupindu alikosea, kuhusu madaktari alikuwa na sababu ya kuogopa.

Na vurugu zile zilituliaje? Mapadri Wakatoliki walisoma tangazo makanisani kuwaomba waumini wawaache madaktari wafanye kazi. Wale maskini, wengi wao Waayalandi, walikuwa wanawaamini mapadri wao.

Linganisha na Pune, India, mwaka 1897. Tauni ilipoingia, wakoloni wa Kiingereza walituma wanajeshi nyumba kwa nyumba. Waliingia hadi vyumba vya ndani, wakatoa vitu nje, wanawake wakakaguliwa miili. Juni 22 msimamizi wa operesheni hiyo, Walter Rand, alipigwa risasi. Dawa ilikuja imevaa buti.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja: uvumi wa wakati wa maradhi hujengwa juu ya dhuluma ya kabla ya maradhi. Anayewaita watu wajinga hajauliza walifanyiwa nini.

Mchangiaji wa kwanza

Mtoa mada, umechagua vurugu tu. Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, iliweka karantini ya siku 30 kwa wageni tangu mwaka 1377. Kijiji cha Eyam, Uingereza, kiliingiwa na tauni mwaka 1665, na mwaka 1666 kikajifungia chenyewe ili vijiji jirani visalimike; kwa jumla watu takriban 260 walikufa humo. Na mafua ya 1957 na ya 1968, kila moja yaliua watu wapatao milioni 1 duniani, wala hukusikia watu wakikimbilia madukani kugombania bidhaa. Wale walikuwa na moyo. Sisi tulivaa barakoa miezi michache tukaanza kulia.

Mtoa mada

Ndugu, asante kwa Eyam, maana inanisaidia mimi. Aliyewaomba wanakijiji wasitoke ni kasisi wao, William Mompesson, na yeye mwenyewe hakutoka. Mkewe Catherine alifia hapohapo Agosti 1666. Chakula kililetwa mpakani mwa kijiji, wakachukua, na sarafu za malipo wakaziacha ndani ya maji yenye siki. Waliombwa kujitoa na mtu anayejitoa pamoja nao, na hawakuachwa wafe njaa. Nitajie ni wapi tuliombwa namna hiyo mwaka 2020, tukakataa.

Kuhusu barakoa, soma ya San Francisco, Marekani, wakati wa mafua makubwa ya 1918. Oktoba 1918 wengi walizivaa. Amri iliporudishwa Januari 1919 wenyeji waliunda umoja wa kuipinga. Walikuwa wamechoka kama sisi, na hawakuwa na mtandao wowote wa kijamii. Na Philadelphia, Septemba 28, 1918, mamlaka iliruhusu gwaride la vita likakusanya watu wapatao 200,000 huku mafua yakiwa yameshaingia mjini. Majuma machache baadaye waliokufa walipita 12,000. Utasema waliokosea ni wananchi?

Mchangiaji wa pili

Sikubaliani na namna unavyowatetea watu. Uvumi unaua, hata uwe na historia ndefu kiasi gani. Rio de Janeiro mwaka 1904 watu walifanya ghasia siku kadhaa kupinga sheria ya chanjo ya lazima ya ndui, iliyosukumwa na mkuu wa afya Oswaldo Cruz. Serikali ikalegeza. Mwaka 1908 ndui ikarudi, ikaua maelfu, ndipo wakapanga foleni kuchanjwa. Wale maelfu nani atawajibu? Kuna wakati shuruti ni huruma.

Na usiifanye mitandao kama si kitu. Uvumi wa wakati wa Liverpool ulisafiri polepole. Wa leo unazunguka dunia kabla daktari hajaamka, na kuna watu wanaingiza fedha kwa kila anayeutazama.

Mtoa mada

Hilo la pili nakubali, na nilipaswa kulisema mwanzo. Kasi imebadilika, na biashara ya uongo imekuwa kubwa kuliko ilivyopata kuwa. Hapo sisi tuna hali mbaya kuliko wa 1832.

Shuruti bado siikubali. Rio, wakati uleule wa kampeni ya afya, nyumba za maskini zilikuwa zinabomolewa ili mji upendeze, na waliokuja na sindano walitoka kwenye serikali ileile. Halafu kuna Leicester, Uingereza. Machi 1885 maelfu kwa maelfu waliandamana kupinga chanjo ya lazima. Lakini mji ule haukukaa bure: kila mgonjwa wa ndui aliripotiwa haraka, akatengwa, na waliokaa naye wakafuatiliwa. Mimi ni mtetezi wa chanjo, tena mkubwa, na waliokataa chanjo Leicester walikosea. Ila kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja ndiko pia, pamoja na chanjo, kulikokuja kuimaliza ndui, ikatangazwa kutokomezwa mwaka 1980.

Na tusisahau kwamba ukanushaji hauanzii mtaani siku zote. Afrika Kusini chini ya Rais Mbeki, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilicheleweshwa na watu wenye madaraka. Watafiti wa Harvard walikadiria vifo zaidi ya 330,000. Walioingia barabarani na mahakamani kuzidai zile dawa walikuwa wananchi wa kawaida.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni muuguzi, nimekuwa nikiwasoma kimya. Naongeza kitu kimoja kwa sababu kinanisumbua.

Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, iliua zaidi ya watu 11,000. Mwanzoni timu zilifika na mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, zikaweka maiti kwenye mfuko, zikaondoka. Ndugu hawakuona uso, wengine hawakujua kaburi lilipo. Watu wakaficha wagonjwa na kuzika usiku. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maziko salama na ya heshima: familia ishirikishwe, sala isaliwe, Mwislamu apate sanda yake, kaburi lijulikane.

Miaka sita baadaye, kwenye Uviko, wodini kwetu tulirudia lilelile kosa. Nilimfungia mzee mmoja kwenye mfuko wakati binti yake amesimama nyuma ya kioo anaomba amwone tu, na mimi nikasema utaratibu hauruhusu. Mwongozo ulikuwepo. Alichokisema baadaye kuhusu hospitali kilikuwa uvumi mtupu, na kilienea. Sijapata nguvu ya kumlaumu.

Kwa hiyo mtoa mada, mimi swali langu si kama watu wa zamani walikuwa bora. Nataka kujua nani alikuwa na kazi ya kukumbuka yale ya 2014, na kwa nini hakuna aliyetukumbusha sisi wa wodini.