Hivi yule wa chumba cha mwisho kwenye korido anatushauri au anatutangaza?

KimyaKimya

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana nivumilieni. Sina hata haja ya kumtaja. Yule wa chumba cha mwisho, miwani inaning'inia kifuani, lundo la funguo kiunoni. Mnamjua. Kila aliyewahi kukanyaga ofisi ya huduma kwa wanafunzi anamjua, na ambaye bado, amwombe Mungu amalize shahada bila kumjua.

Leo asubuhi nimeenda. Usingizi umenikataa, mitihani hii hapa, nasoma ukurasa nikifika chini cha juu nimeshasahau. Nikasema si kila siku tunaambiwa tutafute msaada mapema? Haya. Nikapewa fomu. Kwenye "sababu ya kuja" nikaandika kwa herufi ndogo kabisa, za kusoma na darubini: msongo wa mawazo. Nikaikunja, nikairudisha, nikakaa. Korido ile benchi ni moja. Wa vitambulisho, wa vyumba vya bweni na sisi wenye shida zetu, wote tunabanana hapo hapo.

Mlango ukafunguliwa. Akatoa kichwa, akainua fomu yangu juu, akaita kwa sauti ya mnadani:

"MSONGO WA MAWAZO NI NANI? AINGIE!"

Wakuu. Jina langu niliandika. Lipo juu kabisa, kwa herufi kubwa. Namba ya usajili ipo. Yeye kaita ugonjwa!

Korido nzima ikageuka. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi anabadilisha taa akashuka ili aone vizuri. Saa ya ukutani ilisimama, naapa. Nikajifanya natafuta kitu kwenye begi. Akarudia! "Msongo wa mawazo kaondoka? Alikuwa hapa sasa hivi, yule kijana wa shati la bluu!" Shati la bluu nilikuwa peke yangu.

Na juu ya kichwa chake, kwenye mlango huohuo, kuna tangazo: SIRI YAKO NI SIRI YETU. MLANGO WETU UKO WAZI. Kweli uko wazi, maana hata nilipoingia hakuufunga. Ndani nikaulizwa kama nimejaribu kulala mapema. Mtu nimekuja kwa sababu silali! Nikapewa kipeperushi cha kupanga ratiba, nikatoka. Nyuma yangu nasikia: "ALIYEFELI TAKWIMU!" Huyo aliinuka haraka, nadhani ni mzoefu.

Kufika darasani, kwenye kundi la WhatsApp nimeshapewa jina jipya. Mwakilishi wa darasa kaniandikia, "Msongo, umesaini mahudhurio?" Narudia tena: mbele ya foleni ya vitambulisho. Foleni ya vitambulisho, wakuu!

SapuSugu

Pole sana Msongo.

KitiChaNyuma

Kumbe shati la bluu ni wewe! Nilikuwa kwenye hiyo foleni. Ulijikaza mkuu, ila ulivyokuwa unapekua begi lililofungwa zipu nilikuonea huruma.

KimyaKimya

Lilikuwa wazi kidogo.

MzeeWaKredi

Wewe angalau umeitwa. Mimi mshauri wangu wa masomo alinisainia fomu ya usajili mwaka wa kwanza bila kuisoma, tena huku anaongea na simu. Nimefika mwaka wa mwisho, naomba kuhitimu, naambiwa kredi hazitoshi: kuna somo la hiari nililochukua, kumbe halihesabiki kwenye programu yangu. Nikamfuata. Jibu: "Ulipaswa kusoma kitabu cha mwongozo." Sasa ile sahihi yako ilikuwa ya nini, ukumbusho? Wenzangu wamevaa majoho, mimi niko na watoto wa mwaka wa pili tunagombania nani achape kazi ya kikundi.

ProfesaMtarajiwa

Mleta mada una hoja, ila umeiandika kama tamthilia. Kwanza mnachanganya watu wawili. Mshauri wa masomo anashughulika na kozi, kredi na maendeleo yako; mshauri nasaha ni wa hayo ya usingizi na mawazo. Huyu wa pili anabanwa na usiri: habari zako hazitoki bila ridhaa yako, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini au sheria inapomlazimu. Kuita tatizo la mtu koridoni ni kosa la kitaaluma, si tabia mbaya tu. Na kwa MzeeWaKredi: Burns Crookston wa Marekani alishaeleza mwaka 1972 kwamba kumshauri mwanafunzi kuhusu masomo ni sehemu ya kumfundisha. Kugonga mihuri siyo ushauri. Halafu kuna chama cha kimataifa cha huduma za ushauri nasaha vyuoni ambacho kimekuwa kikipendekeza mshauri 1 kwa kila wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Pigeni hesabu ya chuo chenu wenyewe.

SapuSugu

Mkuu, kuna mtihani baada ya hapa?

KitiChaNyuma

1972 ndiyo mwaka ofisi yetu ilipochapisha zile fomu.

NgaziYaTatu

Nyie mnalia kwa kuitwa. Mimi natumia kiti cha magurudumu na ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu iko ghorofa ya tatu. Lifti ilishakufa. Nikapiga simu, nikaambiwa nipande nikajaze fomu ya kuomba kusaidiwa kupanda. Barua yangu ya kuongezewa muda kwenye mtihani nayo imetoka, baada ya mtihani. Ina muhuri mzuri sana.

MzeeWaKredi

Hii imenifunga mdomo.

KimyaKimya

NgaziYaTatu pole sana, hilo ni zito. Lakini wakuu tusitoke kwenye mada. ALIRUDIA! Angeita mara moja ningesema kateleza. Karudia na kataja shati!

TuliaKwanza

Mbona mimi alinisaidia? Nilifiwa karibu na mitihani, nikataka nijikaze niingie hivyo hivyo. Akanikalisha, akanieleza kuwa kuahirisha kunaombwa kabla hujaingia chumba cha mtihani, ukisubiri matokeo yatoke ndipo useme ulikuwa msibani, ni vigumu kusikilizwa. Akaniambia nilete uthibitisho, akanisindikiza mwenyewe mpaka kwa mkuu wa kitivo. Bila yeye ningekuwa nimedisko, yaani nimeondolewa chuo kwa kufeli, zamani.

SapuSugu

Mama, toka kwenye uzi, rudi ofisini kuna foleni.

TuliaKwanza

Mimi siyo yeye!

MzeeWaKredi

Hata yeye angejibu hivyo hivyo. Miwani iko kifuani?

ProfesaMtarajiwa

Alichosema TuliaKwanza kuhusu kuahirisha ni sahihi. Vyuo vingi viko hivyo.

SapuSugu

Wamekuwa wawili sasa.

DogoMgeni

Shikamooni kaka na dada zangu. Mimi ni mwaka wa kwanza, kuna somo linanishinda, nataka kulitoa kwenye usajili wangu. Niende chumba kipi?

SapuSugu

Cha mwisho. Vaa shati la bluu.

MzeeWaKredi

Dogo usimsikilize huyo. Kutoa somo mwisho ni Ijumaa hii. Ukipitisha linabaki kwenye rekodi, na usipolifanyia mtihani wanakuandikia umefeli. Kabla hujalitoa angalia mambo haya: siyo la lazima? Siyo sharti la somo jingine la mwakani? Kredi zitakazobaki hazishuki chini ya kile kiwango cha muhula? Elimu hii nimeipata kwa machozi, wewe unaipata bure.

KitiChaNyuma

Ijumaa HII? Si walisema mwisho wa mwezi?

NgaziYaTatu

Mwisho wa mwezi ni kuhama programu.

TuliaKwanza

Ni Ijumaa saa kumi jioni, wala siyo saa sita usiku kama muhula uliopita. Na inatakiwa sahihi ya mshauri wa masomo kwanza.

KitiChaNyuma

Umejuaje yote haya mama?

TuliaKwanza

Liko kwenye tangazo! Mnasoma matangazo nyie?

MzeeWaKredi

Sahihi ya yule wangu? Basi dogo, nenda naye mpaka aisome. Mshikie simu yake.

KimyaKimya

Jamani, uzi nimeanzisha mimi...

KitiChaNyuma

Msongo subiri kidogo. Kuna aliyeweza kuingia kwenye mfumo wa usajili? Kwangu unazunguka tu.

DogoMgeni

Kwangu umefunguka, lakini kila nikibonyeza unaniambia niwasiliane na mshauri wangu. Mshauri wangu ni nani?

NgaziYaTatu

Jina lake limeandikwa kulia juu, chini ya picha yako.

DogoMgeni

Hapo pameandikwa "hajapangwa".

SapuSugu

Mimi nimeingia bila shida. Masomo yangu yote yamefutika.