Flanagan alikosea kuziacha zile pauni 50,000? Mi nasema hapana

Wakuu, hili suala la Richard Flanagan naona watu wanalipitia juu juu. Kwa asiyefuatilia, huyu ni mwandishi wa riwaya wa Tasmania, Australia, na Novemba 2024 kitabu chake Question 7 kilishinda tuzo ya Baillie Gifford kule London, hela yake pauni 50,000. Tuzo kaikubali ila hela akasema hazigusi mpaka wadhamini, Baillie Gifford wenyewe, ambao ni kampuni ya uwekezaji ya Edinburgh, walete mpango wa kupunguza uwekezaji kwenye mafuta na makaa ya mawe na kuongeza kwenye nishati jadidifu. Ndo watu wakaanza, mnafiki huyo, kama hela ni chafu na tuzo si chafu pia?

Wengine wanasema kaziacha kwa sababu anazo. Jamani. Huyu kakulia Rosebery, mji wa migodi, shule kaacha na miaka 16 akawa kibarua, Oxford kafika baadaye kwa skolashipu. Hata 2014 alivyoshinda Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, kwa The Narrow Road to the Deep North, riwaya iliyotokana na mateso ya baba yake aliyekuwa mfungwa wa vita wa Wajapani kwenye reli ya Burma, ile waliyowajengesha wafungwa kwa nguvu Vita ya Pili ya Dunia, alishakuwa anafikiria kwenda kusaka kazi migodini kaskazini maana vitabu vilikuwa havimlishi (na huyo mzee alifariki siku ileile aliyoambiwa kitabu kimeisha, hapo mi huwa naumia kabisa). Mtu wa hivyo thamani ya hela anaijua.

Na hajaanza jana kutafuta kiki. 2007 aliandika kuhusu misitu ya Tasmania ilivyokuwa inafyekwa, 2021 akatoa kitabu kizima kuhusu ufugaji wa samaki aina ya salmoni kisiwani kwao, na maadui kwao anao wa kutosha.

Hoja ya upande wa pili yenye uzito naiona moja. Kampuni ilisema ni asilimia 2 tu ya fedha za wateja wake ndo ipo kwenye makampuni yanayogusa mafuta na gesi, na matamasha ya vitabu ya Hay na Edinburgh yalishaachana nao mwaka huohuo wa 2024, sasa wadhamini wakikimbia wote nani atalipia vitabu? Hilo kweli linauma. Lakini Flanagan hakuwafukuza wala kuwatukana, aliwashukuru, akawawekea sharti ambalo kampuni yenye nia inaweza kulitimiza.

Nyie mnaosema angezichukua azigawe, hilo alishalifanya, 2014 dola 40,000 za tuzo ya vitabu ya Waziri Mkuu wa Australia aliipa taasisi inayosaidia watoto wa Waaborijini, wenyeji asilia wa kule, kusoma. Safari hii angezigawa, kampuni ingekuwa na swali gani la kujibu? Nijibuni hapo.